Tusiishie Uwanja wa Ndege

Hotuba ya Kamati Ndogo ya Elimu na Vijana katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama





 Wapo tuliokaa nao mwaka jana ambao leo hawapo. Tunawakumbuka, na tunaomba Mungu awapumzishe kwa amani.

Kamati yetu imepewa nafasi ya kuomba fedha. Kila mwaka tunasimama hapa kuomba, na kila mwaka mnatoa. Mmetoa mabati, mmetoa saruji, mmetoa madawati. Ukipita nyumbani leo unaona kwa macho kazi ya mikono yenu. Leo tunaomba kwa ajili ya kitu kisichoonekana kwa macho, na kabla ya kuomba tunalo jambo la kuungama. Tunaomba mtuvumilie.

Mkoa wetu wa Mara unajua kukimbia. Mzee Suleiman Nyambui, mwana wa Majita, alishinda medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Katika michezo ile ile Filbert Bayi wa Karatu alichukua fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji. Medali hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata hadi leo. Wengi wetu hapo tunajua. Tusilolizungumza sana ni kwamba Nyambui wakati huo alikuwa mwanafunzi. Alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, mji wa jangwani ulio mpakani mwa Marekani na Mexico. Akiwa pale alishinda mita 10,000 za mashindano ya vyuo vyote vya Marekani mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na mwaka 1980 akashinda pia mbio za nyika za vyuo. Baadaye alishinda Marathoni ya Berlin mara mbili, 1987 na 1988.

Habari hizo ndizo tulizokuwa tukiwasimulia watoto wetu. Mtoto akikimbia vizuri UMISSETA, tunamwambia: kaza mwendo, Marekani wanakusubiri. Tulimsimulia mtoto ushindi, tukamwachia mwenyewe agundue mengine. Hatukuwahi kumwambia kwamba Nyambui alizaliwa 1953, kwa hiyo aliposhinda taji lake la kwanza la chuo alikuwa mtu mzima wa miaka 26, aliyekwisha kusafiri na kuwakilisha nchi. Wala hatukumwambia kwamba pale El Paso walipita Watanzania wengine, akiwemo Gidamis Shahanga na Zakaria Barie, kwa hiyo jioni kulikuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili.

Sasa tuje kwenye jambo letu.

Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja wa kwetu alipata ufadhili wa masomo katika chuo kimoja cha katikati ya Marekani. Jina lake hatutalitaja, kwa sababu mwenyewe ametuomba hivyo, ingawa ameturuhusu kusimulia habari zake, na hotuba hii ameisoma kabla hatujaileta hapa. Alikuwa na miaka 19. Alikuwa amelelewa na mama peke yake, mama anayeanika dagaa ufukweni. Kijana alikimbia mita 1,500 na 5,000, na kocha wa chuo kile alipata habari zake akamwandikia. Sisi wa chama tulifurahi kuliko yeye. Tulifanya harambee ya tiketi. Tulimnunulia sanduku, koti na viatu vya ngozi. Tulimsindikiza kwa gari mbili mpaka uwanja wa ndege wa Mwanza. Picha tulizopiga siku ile zilitoka katika kijitabu hiki hiki mwaka ule. Nyumbani tukarudi tukisema kazi imekwisha.

Kazi ilikuwa haijaanza.

Kijana alifika mwezi wa Agosti. Wiki za kwanza zilikuwa nzuri. Alipewa jozi mbili za viatu vya mbio, nguo zenye jina la chuo, na kadi ya kuingilia bwaloni ambako mtu anakula anachotaka, kiasi anachotaka. Alichokuja nacho kutoka nyumbani ni mfuko wa dagaa wakavu ambao mama yake aliufunga kwa karatasi tatu. Siku aliyowapika katika jiko la bweni, king'ora cha moto kililia, wanafunzi wote wakatolewa nje, na mwenzake wa chumba akaandika malalamiko juu ya harufu. Kijana anatuambia leo kwamba anacheka akikumbuka. Siku ile hakucheka. Dagaa wale aliwatupa usiku kwenye pipa la taka, na anasema alijiona kama amemtupa mama.

Mazoezi yalikuwa mengi kuliko aliyoyazoea. Nyumbani alikimbia kwenda shule, alikimbia kurudi, na Jumamosi alikimbia kwa nguvu na wenzake kwenye barabara ya vumbi. Kule msimu hauishi. Kuanzia Septemba hadi Novemba ni mbio za nyika. Kuanzia Desemba hadi Machi ni mbio za ndani ya ukumbi. Kisha zinafuata za uwanjani mpaka Juni. Mtu mmoja wa masafa marefu anaweza kushindanishwa misimu yote mitatu. Na chuo hakimwachii masomo kwa sababu anakimbia: ili ahesabiwe mwanafunzi kamili lazima asome saa zisizopungua 12 za darasani kwa wiki katika muhula, na kwa mgeni mwenye viza ya mwanafunzi hilo si jambo la chuo tu. Akizipunguza bila kibali, anaharibu viza yake.

Mwezi wa pili akaanza kusikia maumivu kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Hakusema. Aliamini kwamba akisema anaumwa atarudishwa nyumbani, naye alikumbuka gari mbili zile na ngoma iliyopigwa. Basi akakimbia na maumivu wiki tano. Ilipofika Oktoba hakuweza kushuka ngazi. Picha ya hospitali ikaonyesha ufa kwenye mfupa. Daktari alisema kwamba angekuja wiki ya kwanza, angepumzika muda mfupi na kurudi. Sasa alivaa kiatu cha plastiki mpaka baada ya Krismasi.

Mkimbiaji asiyekimbia, ndugu zangu, ni mtu mpweke sana. Wenzake walikuwa wanasafiri kwenda mashindanoni, yeye anabaki. Jua kule mwezi wa Desemba linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Chumbani alikuwa na mwenzake aliyeacha kusema naye tangu siku ya dagaa.

Na darasani nako mambo yakaharibika. Sisi tuliosoma nyumbani tunajua namna tulivyofundishwa. Mwalimu anaandika ubaoni, unanakili, na siku ya mtihani unarudisha vile vile ulivyopewa. Ukirudisha neno kwa neno wewe ni mwanafunzi bora. Kijana aliambiwa aandike insha ya kurasa tano. Alisoma vitabu viwili maktaba, akachukua aya nzuri, akaziandika kama zilivyo bila kusema zimetoka wapi. Aliona anaheshimu kitabu. Kule kosa hilo linaitwa wizi wa maandishi, na ni moja ya makosa makubwa ambayo mwanafunzi anaweza kufanya. Alipewa sifuri na barua ya onyo. Alama zake za muhula zikashuka chini ya kiwango ambacho mchezaji anatakiwa kuwa nacho, na hapo akazuiwa kushindana hata kama mguu ungepona.

Sasa tunafika mahali petu.

Mwezi ule ule wa Desemba sisi wa chama tuliandika barua kwa wanachama wote walio nje ya nchi. Tulikuwa tunaezeka paa la zahanati. Barua ilisema kila mwanachama wa ughaibuni achangie dola 200. Jina la kijana tuliliweka kwenye orodha pamoja na madaktari na wafanyabiashara. Hatukumwuliza kama anayo. Tuliona yupo Marekani, na kwetu sisi Marekani ni jibu tosha.

Alituma. Zilifika zote 200.

Katika mkutano wa mwaka ule jina lake lilisomwa kwa sauti na ukumbi ukapiga makofi. Baadhi yenu mnaokaa hapa mlipiga makofi. Na sisi tulipiga. Tulisema, mnaona, kijana wa juzi tu tayari anakumbuka nyumbani.

Fedha ile ilikuwa ya chakula. Bwalo la chuo linafungwa wakati wa likizo ya Krismasi. Wanafunzi wenye makwao wanaondoka, na yule aliyebaki anajitegemea kwa wiki tatu au nne. Kijana alikuwa amejiwekea akiba ya likizo ile. Alitutumia sisi, na wiki zile akaishi kwa mkate na siagi ya karanga, mguu ukiwa kwenye plastiki. Na mbali ya barua yetu alikuwa na ujumbe wa mdogo wake kuhusu ada, na wa mjomba kuhusu injini ya mtumbwi.

Mwezi wa Februari simu yake ikaacha kupatikana. Machi kimya. Aprili kimya. Baadhi yetu tulisema maneno ambayo leo tunaona haya kuyarudia: kwamba ameshaota mapembe, kwamba Ulaya na Marekani zinawaharibu vijana, kwamba amesahau aliyemsomesha.

Mama yake alikuja kwa mwenyekiti mwezi wa Juni. Hakuja kulalamika. Alikaa kwenye benchi, akakataa soda, akauliza swali moja: "Mwanangu mlimchukua kwangu mkampeleka. Mmemweka wapi?"

Hakuna mtu kwenye kamati aliyekuwa na jibu. Tulikuwa tunajua jina la chuo na jina la jimbo. Hatukuwa na namba ya kocha, wala ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, wala ya jirani yeyote. Tulikuwa tunajua bei ya tiketi yake kwa senti, na hatukujua anaishi chumba gani.

Tukaanza kupiga simu. Kupitia kwa watu watatu tulimpata dada mmoja wa kwetu, muuguzi, aliyekuwa anaishi mwendo wa saa nne kwa gari kutoka chuo kile. Naye hatumtaji, lakini anajijua. Alimaliza zamu ya usiku, akalala saa mbili, akawasha gari. Alimkuta kijana jikoni mwa chuo anaosha vyombo. Kazi hiyo ni halali. Mwanafunzi mgeni anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na zaidi wakati wa likizo. Alikuwa amekonda. Alipomsikia anamsalimu kwa lugha ya nyumbani, kijana aliweka sahani chini akalia.

Dada yule alikuja na unga wa muhogo na samaki. Walikula kwanza. Kisha akamwomba amwonyeshe barua zake zote, na kijana akatoa bahasha mbili ambazo hakuzifungua kwa kuogopa. Moja ilisema chuo kimepunguza ufadhili wake kwa nusu kwa mwaka unaofuata. Lakini chini ya barua hiyo, kwa maandishi yale yale, ilisema ana haki ya kusikilizwa na kamati ya chuo akiomba kabla ya tarehe iliyotajwa. Haki hiyo si hisani ya chuo kimoja. Ipo katika kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani: chuo kikipunguza au kufuta ufadhili wa mchezaji, lazima kimweleze kwa maandishi kwamba anaweza kuomba kusikilizwa. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Waliandika ombi usiku ule. Kijana akaenda mbele ya kamati, akaeleza habari za mguu, akaeleza habari za insha. Walimrudishia sehemu ya kilichokatwa. Iliyobaki alifidia kwa kuosha vyombo na kwa msaada wa yule dada. Mguu ukapona. Akakimbia tena mwaka wa pili.

Mtasubiri tuwaambie alishinda. Hakushinda. Katika miaka yote ile hakuwahi kuwa bingwa wa kitu chochote. Mbio zake bora kuliko zote alikuwa wa saba, na anasema siku hiyo alifurahi kuliko siku aliyosindikizwa. Lakini alihitimu. Ilimchukua miaka mitano badala ya minne. Leo ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari ya kanda yetu hii ya ziwa, na jioni anafundisha watoto kukimbia. Akiona mtoto anachechemea anamsimamisha hapo hapo.

Ndugu zetu, habari za kijana huyu si za peke yake, na wala hakufika mahali pabaya kuliko wote. Jirani zetu wa Kenya wametangulia kupeleka wakimbiaji vyuoni kwa wingi, na wamelipia elimu hiyo kwa bei kubwa.

Henry Rono alitoka Nandi akaenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 za viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Hakuna mtu aliyewahi kufanya vile. Na Olimpiki hakuwahi kukimbia hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia michezo ya 1976 na ya 1980. Baadaye pombe ilimshinda, fedha zikapotea, na mtu aliyekuwa anashikilia rekodi nne za dunia akafika kulala katika makazi ya watu wasio na nyumba huko Marekani. Alisimulia hayo mwenyewe katika kitabu chake. Alijikwamua, akaacha pombe, akafundisha, akarudi Kenya, na alifariki mwaka 2024.

Marko Cheseto alitoka Pokot Magharibi akaenda Chuo Kikuu cha Alaska, Anchorage. Mwaka 2011 alifiwa na mwenzake wa kutoka nyumbani, mkimbiaji wa timu ile ile, aliyejitoa uhai. Cheseto alizama katika huzuni. Mwezi wa Novemba mwaka huo alitoka kukimbia peke yake kwenye baridi, akapotea zaidi ya siku mbili. Alipopatikana miguu yake ilikuwa imeganda na ikabidi ikatwe. Cheseto hakukata tamaa. Mwaka 2019 alikimbia Marathoni ya Boston kwa miguu ya bandia kwa saa 2, dakika 42 na sekunde 24. Tunamheshimu sana. Lakini tujiulize sisi tuliobaki nyumbani: wale vijana wawili kabla ya msiba ule, nani alikuwa anawapigia simu?

Na upo mfano mwingine wa kutupa moyo. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, alisoma Marekani mpaka shahada ya udaktari, akarudi nyumbani akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mbio ziliisha, elimu ikabaki. Ndilo tunalotaka kwa watoto wetu.

Sasa tunakuja kwenye ombi. Kamati imekaa na yule kijana, na yule dada muuguzi kwa simu, na walimu wawili wastaafu. Tumekubaliana mambo matano.

La kwanza, mtoto yeyote wa kwetu atakayepata nafasi ya chuo cha mbali, awe mkimbiaji au si mkimbiaji, atakaa na walimu wetu kabla ya kuondoka. Atajifunza kuandika insha kwa maneno yake mwenyewe na kusema wazi alichokopa kimetoka wapi. Atajifunza kupanga matumizi. Na atafundishwa kwamba kusema "naumwa" si aibu.

La pili, mkataba wa ufadhili utasomwa na watu wazima pamoja na mzazi kabla ya kusainiwa. Tutauliza: ni wa mwaka mmoja au ni wa miaka yote? Akiumia inakuwaje? Bima ya afya inalipa nini? Likizo atalala wapi, atakula nini? Na wale wanaokimbia tutawaonya mapema: miaka anayokaa akishindana baada ya kumaliza sekondari inaweza kumpunguzia au kumnyima haki ya kushindana chuoni. Tumesikia vijana waliojua hilo wakiwa wameshafika kule.

La tatu, kila mwanafunzi atakuwa na mlezi mmoja miongoni mwetu, mwenye jina na namba, atakayempigia kila wiki. Katikati ya Marekani wakati wa baridi, kule ikiwa saa tatu usiku siku ya Jumamosi, huku ni saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili. Tunaamka saa hiyo kwenda ibadani. Tunaweza kuamka kumpigia mtoto.

La nne, mwanafunzi haombwi mchango. Si na chama, na tunawasihi ndugu, wajomba na shangazi, si na ukoo. Mwanafunzi ni mtoto wa chama mpaka atakapomaliza na kukaa kazini mwaka mmoja. Majina ya wanafunzi tumeyafuta kwenye orodha ya wachangiaji, na zile dola 200 kamati ilichanga mifukoni mwetu na kumrudishia mwenyewe.

La tano, kutakuwa na akiba ya dharura. Mwanafunzi akikwama apate chakula cha muhula mmoja, au tiketi ya kurudi nyumbani kwa heshima. Kurudi si kushindwa. Mtoto aliye hai nyumbani ni bora kuliko bingwa tusiyejua alipo.

Tunaomba shilingi milioni 12. Milioni 5 ni za akiba ya dharura, na zitakaa kwenye akaunti yenye saini tatu. Milioni 4 ni za mafunzo kabla ya kuondoka. Milioni 3 ni za watoto wanaokwenda vyuo vya hapa hapa nchini, Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam, kwa maana binti aliyetoka kijijini kwetu kuingia Dar kwa mara ya kwanza naye amefika ugenini, na hatari zake zipo.

Mzee wetu mmoja, tulipompelekea jambo hili, alitupinga kwa heshima. Alisema: mtoto mmoja anayekwenda Marekani asile mabati ya watoto mia wanaonyeshewa darasani. Maneno yake ni ya kweli, na hatukuyapuuza. Ndiyo maana hatujagusa fungu la shule wala la zahanati hata shilingi. Tunaomba juu ya hayo. Lakini tulimwambia pia hivi, na tunawaambia ninyi: paa la zahanati ile, ambalo tunajivunia, lina mabati kadhaa yaliyonunuliwa kwa njaa ya mtoto wetu. Tukilitazama tulikumbuke hilo.

Fomu ya ahadi ipo ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Mwenye 5,000 aandike 5,000, mwenye laki aandike laki. Asiye na fedha lakini ana simu na dakika kumi kila Jumapili alfajiri, aandike jina lake kwenye sehemu ya walezi. Nafasi hizo tunazihitaji kuliko fedha. Mwezi wa Agosti mwaka huu wapo vijana watatu wanaoondoka, wawili wa kiume na mmoja wa kike, na bado tunatafuta mlezi wa huyo binti.

Mama wa yule kijana yupo nasi ukumbini leo. Tulimwomba radhi faraghani mwaka ule. Leo tunamwomba radhi mbele yenu wote. Mama, ulituuliza swali, na ilituchukua muda mrefu mno kulijibu. Tunakuahidi kwamba mzazi mwingine hatalazimika kuja kutuuliza.